Mafuta ya Mbarika na Injini za Kwanza za Eropleni

Mti wa mbarika hakuna asiyeujua. Huota kando ya njia, nyuma ya nyumba na penye majaa, wala hapana aupaliliaye. Mbegu zake zina madoadoa, nazo zafanana na kupe aliyeshiba. Mafuta yake, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo, wengi wetu tuliyanywa utotoni huku tumezibwa pua, tumbo lilipokuwa limefunga. Wamisri wa kale waliyatia katika taa zao. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa palikuwa na miaka kumi hivi, tangu 1909 hata 1918, ambapo mafuta hayo ndiyo yaliyowashika watu hewani. Na pale yalipokosekana, watu walianguka. Habari hizo ndizo nitakazo kuwaeleza wasomaji leo, kwa kuwa ndani yake mna fundisho la mafundi ambalo halikuchakaa.

Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walipokwisha kuruka kwa eropleni mwaka wa 1903, mashaka makubwa ya warushaji yalikuwa juu ya injini. Injini yenye nguvu ilikuwa nzito, na iliyo nyepesi ilikuwa dhaifu. Tena kila injini huona joto, na joto lisipoondolewa chuma huharibika. Dawa ya joto siku zile ilikuwa maji yazungukayo ndani ya injini, lakini maji yana uzito, na chombo cha kuyapoza kina uzito vilevile. Waliojaribu kuipoza injini kwa upepo tu waliona kwamba eropleni zao zilikwenda polepole mno, hata upepo haukutosha.

Huko Ufaransa ndugu wawili wa ukoo wa Seguin, Louis na Laurent, wakatafuta njia nyingine. Msomaji aliyepata kuona injini ya motokaa imefunuliwa ajua kwamba mwili wake umetulia tuli, na ndani yake mna mhimili wa chuma uliopindika, ambao mafundi huuita krenki, nao ndio uzungukao. Ndugu hawa waligeuza mambo. Krenki waliikaza katika eropleni isiweze kugeuka hata kidogo. Nao mwili wote wa injini, pamoja na silinda zake saba zilizopangwa kama mataruma ya gurudumu, ukazunguka pamoja na pangaboi. Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa, kwani Lawrence Hargrave wa Australia alikuwa amekwisha kutengeneza injini ndogo ya namna hiyo, iendeshwayo kwa hewa, mwaka wa 1889. Lakini akina Seguin ndio walioifanya ifae kwa kazi.

Faida ilionekana mara. Silinda zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika zilijipatia upepo zenyewe, hata eropleni ikiwa imesimama chini. Maji hayakuhitajiwa tena. Injini yao, iliyoitwa Gnome, ilikuwa na nguvu za farasi 50, na uzito wake ulikuwa kilo 75 hivi, yaani uzito wa mtu mmoja mnene. Tarehe 27 Agosti 1909, katika mashindano ya Reims, Henri Farman aliruka kilometa 180 kwa muda wa saa tatu na dakika chache, na injini yake ilikuwa Gnome. Tangu siku hiyo warushaji wengi hawakutaka nyingine. Zikafuata injini za namna hiyohiyo zenye majina ya Le Rhône na Clerget, na huko Ujerumani watu wa Oberursel wakapata ruhusa ya kutengeneza Gnome.

Lakini kila jambo lina gharama yake, na gharama ya injini hii ilikuwa mafuta ya kulainishia. Katika motokaa mafuta hukaa tumboni mwa injini. Pampu huyanyonya, huyasukuma kwenye vyuma visuguanavyo, nayo hudondoka na kurudi tumboni, yakatumika tena na tena. Katika injini izungukayo, tumbo lenyewe lazunguka! Fungeni tope katika gurudumu la baiskeli kisha lizungusheni kwa nguvu, mtaona tope lote larushwa nje. Ndivyo yalivyokuwa mafuta yale. Pampu iliyasukuma kidogo kidogo ndani ya krenki, ambayo ilikuwa wazi katikati kama mwanzi. Yakatoka humo, yakalainisha vyuma vya ndani, kisha yakarushwa mpaka kwenye silinda, na mwisho yakatoka nje pamoja na moshi. Hayakurudi kamwe. Injini ya Clerget yenye nguvu za farasi 130 ilikula mafuta kiasi cha galoni mbili kwa saa. Mwili wa eropleni, mavazi ya rubani na miwani yake, vyote vililowa mafuta.

Tena palikuwa na shida ya pili. Petroli iliyochanganyika na hewa ilipita katika tumbo lilelile la injini kabla ya kufika kwenye silinda. Nanyi mwajua fundi afanyavyo mikono yake ikiwa na mafuta machafu: huinawa kwa petroli, na mafuta yote hutoka. Basi mafuta ya kawaida yachimbwayo ardhini yangalioshwa vivyo hivyo, na vyuma vingalibaki vikavu. Mafuta ya mbarika hayachanganyiki upesi na petroli, nayo hushika chuma hata chuma kikiwa cha moto sana. Kwa sababu hizo mbili dawa yetu ya tumbo ikawa chakula cha injini.

Sasa tufikirie hali ya rubani. Amekaa nyuma ya injini yenye kelele, yu juu sana, na katika vita vya 1914 mpaka 1918 marubani wa Uingereza na Ufaransa hawakupewa mwavuli wa kujiokolea. Atajuaje kama mafuta yafika mahali pake? Kipimo cha nguvu ya msukumo wa mafuta, kama kile kilichomo katika motokaa nyingi, hakikufaa sana hapa, maana mafuta hayakujaa katika mabomba yakasukumana kwa nguvu moja. Yalikwenda kwa vipigo, kila pampu ilipopiga. Kwa hiyo waliweka mbele ya rubani kikombe kidogo cha kioo kilichofunikwa kifudifudi, na bomba la mafuta likaunganishwa nacho kwa chini. Ndani ya kikombe mlikuwa na mafuta kiasi, na juu yake hewa. Kila pampu ilipopiga, mafuta yalipanda kidogo, hewa ikajibana, kisha yakashuka. Yakapanda, yakashuka, kama mshipa wa mkono wa mtu aliye hai. Rubani aliyezoea aliweza hata kukisia mwendo wa injini kwa kuyahesabu mapigo yale, kwa kuwa pampu iliendeshwa na injini yenyewe.

Kioo kile kidogo ndicho kilichokuwa mganga wake. Mapigo yakiwa dhaifu au yakipotea, hakuwa na muda wa kufikiri mengi. Injini iliyokosa mafuta haikuchukua muda mrefu. Mwendo wake ulipungua, harufu ya chuma kilichoungua ikasikika, kisha pistoni zikashikamana na silinda. Na kumbukeni kwamba kilichokuwa kikizunguka hakikuwa krenki ndogo, bali mwili mzima wa injini. Kitu kizito namna ile kikikwama ghafula, au kikipasuka, huweza kuing'oa injini mahali pake. Basi kanuni ya rubani mwenye busara ilikuwa hii: mapigo yakikoma, zima injini, elekeza pua chini, tafuta uwanja, ushuke kwa upepo wakati ungali na uwezo wa kuchagua mahali. Aliyesema, "Nitakwenda kidogo tena, pengine kioo kimeharibika tu," alikuwa akicheza na roho yake.

Naye huenda alisema kweli, maana kioo kiliweza kudanganya. Ikiwa hewa iliyomo juu ya kikombe imevuja kwenye maungio, mafuta hujaa mpaka juu, na mapigo hayaonekani tena ijapokuwa pampu ni nzima. Lakini jambo hilo halijulikani juu mawinguni. Hujulikana chini, mikononi mwa fundi. Ndiyo sababu rubani alitii kioo kwanza, na fundi akakiuliza maswali baadaye.

Fundi mzuri hakuanza kwa kuibomoa injini. Alianza na yaliyo mepesi. Je, mafuta yamo katika tangi? Hili laonekana kama swali la mtoto, lakini injini ilayo galoni mbili kwa saa humaliza tangi upesi kuliko mtu adhaniavyo. Je, mlizamu umefunguliwa? Kisha alifuata bomba litokalo katika tangi kwenda kwenye pampu, akatazama kila kiungo. Hapa palitaka akili, kwa kuwa bomba la upande wa kunyonya likiwa na ufa, si lazima mafuta yavuje nje. Hewa ndiyo iingiayo ndani, na pampu ikinyonya hewa haisukumi mafuta. Baada ya hayo alitazama chujio. Mafuta ya mbarika yakikaa na kupata joto hugeuka kuwa kama ulimbo, nayo huziba matundu madogo. Tena wakati wa baridi ya Ulaya huwa mazito kama asali, yasipite katika bomba. Kwa hiyo mafundi waliyapasha moto kabla ya kuyatia. Ndipo alipokitazama kikombe cha kioo na maungio yake. Mwisho kabisa ndipo alipoifungua pampu, kutazama kama meno ya kuizungusha yamevunjika, au kama njia za ndani ya krenki zimeziba. Aliyefuata utaratibu huu alimaliza kazi kwa saa moja. Aliyeanza mwisho alimaliza kwa siku mbili, na pengine aliirudisha injini ikiwa na ufa uleule.

Tena fundi alihitaji kujua kwamba si kila udhaifu ni wa mafuta. Mfano wa jambo hili ulitokea katika bahari yetu wenyewe. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza walileta ndege mbili za majini za Sopwith, zenye injini za Gnome za nguvu za farasi 100, katika kisiwa kidogo cha Niororo karibu na Mafia, ili kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikono ya mto Rufiji. Ndege zile zilishindwa kupanda vema. Ilibidi kuzipunguzia petroli na mzigo, na hata hivyo zilijikokota. Hewa ya joto ya pwani ni nyepesi. Injini haipati hewa ya kutosha, wala mabawa hayapati kitu kizito cha kuegemea. Hapo hata mafuta yangalipiga sawasawa katika kioo, nguvu isingaliongezeka. Ikabidi kuleta eropleni nyingine, za Farman na Caudron, zilizoruka kutoka Mafia. Na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa kwa mizinga iliyoelekezwa na watu waliokuwa hewani.

Udhaifu mwingine ulijificha vizuri zaidi. Injini ya Clerget ilikuwa na desturi ya kuharibika silinda. Upande wa silinda uliokutana na upepo ulipoa, na upande wa pili ukawa wa moto mno. Silinda ikapotoka kidogo, isiwe duara kamili. Ili kuzuia moto usipite, pistoni zilifungwa pete nyembamba ya shaba. Pete hiyo ilipovunjika, miali ya moto ilipita pembeni, mafuta yakaungua, na pistoni ikashikamana. Mtu angeona mafuta yameisha kwenye silinda akadhani kosa ni la pampu, kumbe mafuta yalifika salama yakaunguzwa hukohuko. W. O. Bentley, aliyekuwa ofisa katika jeshi la anga la majini la Uingereza, ambaye baada ya vita alijulikana kwa motokaa zake, aliifuata habari hii mpaka kwenye chanzo chake. Hakuongeza mafuta. Alitengeneza silinda za alumini, ambayo hueneza joto upesi, akazitia ndani utando wa chuma kigumu. Injini yake, iliyoitwa BR1, ilikuwa na nguvu za farasi 150, ikadumu kuliko ile ya kwanza.

Lakini habari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya Wajerumani. Manowari za Uingereza zilikuwa zimezifunga bahari, na mafuta ya mbarika, ambayo mengi hutoka India, hayakuwafikia tena. Wakatumia badala yake mafuta ya ardhini yaliyotengenezwa kwa namna ya pekee, yaitwayo Voltol. Katika mwaka wa 1918 walipeleka vitani eropleni mpya za Siemens-Schuckert D.III, zenye injini ya Siemens-Halske. Zilipanda upesi sana, na marubani wakafurahi. Baada ya saa saba mpaka kumi tu za kuruka, injini zikaanza kupata joto la kupita kiasi na pistoni zikashikamana. Mwezi wa Mei eropleni zikarudishwa kiwandani. Mafundi wakatafuta, na lawama ikaangukia Voltol. Lakini hawakuweza kuota mbarika katika theluji yao. Basi walifanya lililowezekana. Waliitengeneza injini upya, wakakata sehemu ya chini ya kifuniko kilichoifunika, ili upepo uingie na joto litoke. Mwezi wa Julai zikarudi vitani. Lakini eropleni za Fokker E.V, zilizofika mwezi wa Agosti mwaka uleule, nazo pia zilisumbuliwa na injini zilizoharibika kwa mafuta hayohayo.

Angalieni basi, wasomaji. Taifa lenye viwanda vikubwa, lenye wataalamu wa kila elimu, lilitaabishwa kwa kukosa mbegu za mti uotao bure nyuma ya nyumba zetu. Wamarekani nao waliliona jambo hilo. Mwaka wa 1918 serikali yao iliwahimiza wakulima, hasa wa jimbo la Florida, kulima mbarika katika maelfu ya ekari, na mbegu zikaletwa kutoka India. Vita vikaisha mwezi wa Novemba.

Na injini zizungukazo nazo zikaisha. Kadiri zilivyofanywa kubwa, ndivyo nguvu nyingi ilivyopotea kwa kupigana na upepo wakati silinda zinapozunguka. Na uzito ule wenye kuzunguka uliisumbua eropleni ilipogeuka, hata wanafunzi wengi wakaanguka. Kwa kuwa eropleni zilikuwa zimepata mwendo wa kasi, upepo wa safari ulitosha kupoza silinda zilizotulia. Kwa hiyo zikaja injini zilizopangwa mfano wa nyota vilevile, lakini krenki yake ndiyo izungukayo, na mafuta yake hurudi yakatumika tena. Injini ya namna hiyo ndiyo iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki peke yake mwaka wa 1927.

Hata hivyo injini za kale hazikufa zote. Huko Old Warden, Uingereza, zipo eropleni za wakati ule zinazorushwa siku za maonyesho, nazo bado hula mafuta ya mbarika. Harufu yake huwafikia watazamaji. Mafundi wake bado hutafuta kosa kwa utaratibu uleule.

Wazee walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Rubani wa zamani alikuwa na dalili moja, kioo kisichozidi ukubwa wa yai, na ndani yake mafuta yakipanda na kushuka. Hakukidharau kwa udogo wake, wala hakubishana nacho alipokuwa hewani. Naye fundi wake hakuridhika na dalili peke yake, bali aliifuata nyuma, hatua kwa hatua, kutoka kwenye kioo mpaka kwenye bomba, kutoka kwenye bomba mpaka kwenye chanzo. Mmoja alijua wakati wa kutii, wa pili alijua namna ya kuuliza. Sisi tulio na mashine za kusaga, pampu za maji na pikipiki tunahitaji mambo hayo mawili. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, tuizime injini kwanza. Kisha tuanze na tangi, tusianze na nyundo.